Anwani Nyuma ya Malori

Jumamosi, 11 Januari

Usafi wa ukurasa, wa kila mwaka, umefika nusu. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi saa sita. Mgodi ulipasua mwamba mchana kama kawaida, vioo vikatetemeka. Niliendelea.

Kila Juni hutoka toleo jipya la kanuni ya JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za mtandao. Nalisoma Juni. Januari nalitumia katika ukurasa wa malori ya chama chetu. Ndivyo nilivyofanya na vitabu vya sarufi miaka yote niliyofundisha Kilatini. Toleo jipya likiingia darasani, la zamani linatoka.

Mwaka huu nimeamua jambo moja zaidi. Nakiondoa kitafsiri. Ni programu aliyoiweka Aline, binti wa mdogo wangu Kambale, anayeniita Tantine, shangazi. Kabla msimbo haujapanda kwenye seva, kitafsiri hugeuza kila umbo jipya kuwa la zamani, kwa ajili ya vivinjari, programu za kufungulia kurasa, vilivyobaki nyuma. Nimesoma kinachotoa. Ni kichafu. Neno moja linakuwa mistari mitano. Sikufundisha maisha yangu yote ili niache kitu cha namna hiyo kibebe jina la chama.

Jumanne, 14 Januari

Nimemaliza. Nimepandisha.

Aline alipita akitoka kazini mtaa wa Karavia, bado na viatu vya ofisi. Alisoma akiwa amesimama. Akasema ni safi sana. Kisha akasema, “Lakini Tantine, bantu benye simu za kubonyeza, je? Zile simu hazijuake bintu bya mupya.”

Nilimjibu. Ile alama ya swali na nukta, inayouliza kama kitu kipo kabla ya kukigusa, imo katika kanuni kwa miaka mitano sasa. Kivinjari kisichoijua ndicho chenye kosa. Akainua mabega.

Tulijaribu kwenye simu yangu, yake, na ya Kambale. Zote zilifungua mara moja.

Nimeridhika. Naandika hivyo kwa sababu hutokea nadra.

Jumapili, 19 Januari

Masika alipiga simu kutoka Goma baada ya ibada. Mdogo wetu wa mwisho. Mimi ndiye niliyemlea. Alisema mapigano yamekaribia na bei ya unga imepanda. Hana hofu kwa ajili yake. Ana hofu kwa ajili ya Paluku, mumewe, ambaye ana ugonjwa wa sukari na huishi kwa sindano. Duka la dawa la mtaani mwao limefungwa.

Aliuliza kama malori yetu yanaweza kuwachukua Kalemie iwapo watalazimika kuondoka. Nilimwambia yanaweza. Malori ya chama chetu, chama cha wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini, hutoka huku kusini, mji wa migodi, hupanda Kalemie ziwani kupitia Mitwaba yakibeba unga na saruji, hurudi na samaki na maharage. Nilimkumbusha utaratibu. Safari haitangazwi kwa mdomo. Siku na mahali pa kupakia huandikwa kwenye ukurasa tu. Niliiweka sheria hiyo mwenyewe, baada ya watu kupigana Kalemie wakigombea nafasi. Madereva wanaishika. Anwani ya ukurasa imepakwa rangi nyuma ya kila lori, kwa herufi kubwa.

Masika alicheka. Kwake na kwa Kambale mimi ni Yaya, dada mkubwa. “Yaya, wewe hata siku nikikufa, utaniambia nifungue ukurasa.”

Jumamosi, 25 Januari

Simu ya Masika inaita. Hapokei.

Jumatatu, 27 Januari

Goma imechukuliwa na waasi. Redio tangu asubuhi.

Simu ya Masika haiiti tena.

Kambale, anayesimamia malori, amefunga ghala la nyumbani. Wafanyabiashara walikuja uani, wakakaa kwenye magunia, kila mmoja na simu sikioni. Hakuna aliyepata mtu. Niliwapikia chai. Walikunywa wote.

Sihisi kitu. Nadhani huzuni itakuja baadaye.

Jumatano, 29 Januari

Haijaja.

Jumapili, 2 Februari

Kanisani walisoma majina ya wanaotafutwa kwa muda mrefu. Nilisimama mpaka mwisho.

Nimeongeza sehemu mpya kwenye ukurasa. Inaitwa Walio Njiani. Mtu anaandika jina lake, mahali alipo, na anakotaka kwenda. Anayemtafuta anaona. Niliifanya kwa siku mbili. Ningeifanya kwa wiki nzima kwa namna ya zamani. Lugha imekuwa nyepesi. Kupanga watu kwa makundi kulikuwa kazi ya mistari mingi na mabano ndani ya mabano. Sasa ni neno moja, la toleo la mwaka jana.

Kambale amewaambia madereva watoe nafasi kwa watu badala ya samaki. Bila malipo. Hakuna aliyebisha.

Alhamisi, 6 Februari

Ujumbe ni mchache. Nilitarajia mwingi. Wote wanaoandika wana simu nzuri na wanajua kuandika. Mwalimu. Muuguzi. Mwana wa mwenye hoteli.

Muuguzi aliandika kwamba alimwona Masika na mumewe Bukavu, wakitembea. Paluku alikuwa ameshikwa mkono. Nilimuuliza kama walikuwa na dawa. Hajajibu.

Nilimpelekea Kambale simu ghalani. Alisoma, akakaa chini kwenye gunia, akalia mbele ya wapakizi. Mimi niliangalia mizani.

Jumatatu, 10 Februari

Sina la kufanya. Nimesoma mapendekezo ya kamati.

Kamati ya lugha hukutana mara kadhaa kwa mwaka. Pendekezo huanza hatua ya sifuri, likiwa wazo la mtu tu, na hupanda hadi hatua ya nne, likawa kanuni. Siku hizi wameongeza hatua ya mbili nukta saba. Upuuzi. Hatua haina vipande. Ningekuwa pale ningesimama na kusema.

Kuna pendekezo la tarehe na saa ambalo limekaa hatua ya tatu kwa miaka. Nalingojea kuliko yote. Katika JavaScript, Januari ni mwezi wa sifuri. Februari ni wa kwanza. Ni kosa la mwanzo kabisa, lugha ilipoundwa kwa haraka, na halitafutwa kamwe. Kurasa nyingi mno zimejengwa juu yake. Ukilisahihisha, zinaanguka. Hiyo ndiyo sheria kubwa ya kamati: kilichokwisha andikwa kisivunjwe. Jambo jipya huongezwa kando. Kosa hubaki mahali pake, na watu hulizoea.

Siku zote nimeona huo ni udhaifu.

Nilisoma mpaka chakula. Bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo. Masika hajaandika.

Ijumaa, 14 Februari

Kakule, dereva wetu, ametoka Kalemie jana na lori. Lilijaa nusu tu. Amenitumia ujumbe: “Madame, bantu bako bengi hapa lakini habakuye fasi ya kupakia.” Watu ni wengi, lakini hawaji mahali pa kupakia.

Sielewi. Tangazo lilikaa kwenye ukurasa siku nne, kwa herufi nene.

Nimemjibu aheshimu utaratibu.

Jumapili, 16 Februari

Bukavu nayo imechukuliwa.

Mchungaji hakuhubiri. Alisema tuombe kimya. Nilihesabu mihimili ya paa, kisha nikaacha.

Jumanne, 18 Februari

Mwana wa mwenye hoteli ameandika kwenye ukurasa. Anasema boti iliyotoka Uvira Jumamosi kwenda Kalemie haijafika. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Hana majina. Anasema amesikia kulikuwa na mama wa Goma na mumewe mgonjwa.

Nimeyasoma mara mbili. Hakuna kosa katika sentensi zake.

Alhamisi, 20 Februari

Kikao cha familia. Kambale, wake za binamu zetu, mzee wa kanisa, mimi.

Mzee wa kanisa alisema tungoje. Kambale alisema hawezi tena kula wala kulala, anataka alie amalize. Wakanigeukia. Mimi ndiye mkubwa.

Nilisema hivi. Masika anaijua anwani ya ukurasa. Nilimfundisha akaikariri. Malori yote yanaionyesha. Angekuwa hai angeandika. Muda wote huu hajaandika. Basi.

Hakuna aliyenipinga. Ilikuwa hoja sahihi.

Aline aliangalia sakafu. Alisema tu, “Tantine, labda hana simu.” Nikamwambia Kalemie nzima ina simu.

Tumekubaliana kuweka matanga ya wote wawili kuanzia Jumamosi.

Jumamosi, 22 Februari

Turubai limefungwa uani asubuhi, kutoka ukuta wa ghala hadi mlango wa jikoni. Viti vya plastiki vya kukodi kutoka ukumbi mmoja wa Karavia. Makaa magunia mawili. Mbuzi mmoja. Picha ni ile ya sikukuu ya ndoa yao, wawili pamoja, Paluku na tai, Masika na kitenge cha buluu. Ndiyo picha pekee ya karatasi tuliyo nayo. Imewekwa mezani na kitambaa cheupe chini yake.

Nimekaa kwenye mkeka na wanawake. Wao wanalia. Mimi nimenyoosha miguu, magoti yananiuma. Wanakuja, wananishika mkono, wanasema pole Madame. Nasema asante. Wengine ni wanafunzi wangu wa zamani, wamekuwa bibi.

Nilimlea Masika tangu anaanza kutambaa. Nalijua jambo hilo kama ninavyojua mji mkuu wa nchi fulani.

Jumapili, 23 Februari

Naandika haya mchana huu huu, kabla sijayapanga vizuri kuliko yalivyokuwa.

Lori la Kakule liliingia uani saa tano. Tope mpaka kwenye vioo. Siku kumi njiani, tatu kati ya hizo Mitwaba kwenye shimo. Watu walishuka na mabeseni na magodoro. Kakule aliona turubai, akavua kofia. “Ni matanga ya nani, Madame?” Nilimwambia. Alisema hakuwaona Kalemie. Alisema sokoni Kalemie watu wamelala chini, hawahesabiki, wanaangalia malori yakipita.

Nikamuuliza kwa nini basi hawaendi mahali pa kupakia.

Mama mmoja miongoni mwa walioshuka ndiye aliyejibu. Ana mtoto mgongoni. Anaitwa Kavugho, muuza vitunguu. Alisema kwa adabu, kama mtu anayemwambia mwenye nyumba kwamba mbwa wake anauma. “Mama, ile ukurasa yenu tulifungua. Iko mweupe tu. Tukawaza munaifunga.” Yeye na wenzake walipanda kwa bahati. Walikuwa wamelala karibu na mahali Kakule aliposimama.

Alinipa simu yake. Ya kubonyeza, ndogo, mpya. Ina intaneti. Simu kubwa zilichukuliwa njiani, za wote. Hizi ndizo walizoweza kununua Uvira.

Nikaandika anwani kwa vitufe. Nikangoja. Mweupe.

Nikaandika tena. Mweupe.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Kivinjari cha simu hizo hakibadiliki tangu kilipotoka kiwandani. Kikikutana na alama kisiyoijua, hakiiruki ili kisome zinazofuata. Hukataa faili zima, kabla ya kutekeleza hata mstari wa kwanza. Hakisemi kitu. Huonyesha weupe. Ningekuwa nimetumia tu neno ambalo hakina, ningeweza kukipa kiraka. Lakini nilitumia umbo la sentensi ambalo hakina. Hapo hakuna kiraka. Kuna kitafsiri, nami nilikiondoa.

Nilisahihisha mitihani hivyo hivyo. Kosa moja, sentensi nzima sifuri.

Kamati inaahidi kwamba maandishi ya zamani yatasomwa na mashine mpya daima. Haijaahidi kamwe kwamba maandishi mapya yatasomwa na mashine ya zamani. Nilisoma ahadi ya kwanza nikadhani ni mbili.

Aline alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliona kioo. Ningependelea aseme kitu.

Jumatatu, 24 Februari

Niliondoka kwenye mkeka asubuhi, nikaingia ndani, nikafungua kompyuta. Wanawake waliona. Mmoja alisema kwa sauti, ili nisikie, “Mwenye matanga njo anaingia mu ordinateur! Bazungu bamemuharibu kabisa.” Wengine wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka wako wapi.

Aline aliomba ruhusa kazini. Mtandao ulikuwa mzito, vipande vya kitafsiri viliteremka kimoja kimoja mchana kutwa. Alisema tu, “Hapa,” na, “Tantine, kahawa.” Saa kumi tulipandisha.

Nilienda chini ya turubai na kumwomba Kavugho simu yake. Ukurasa ulifunguka. Polepole, lakini wote. Nilirudi kusoma kilichotoka kwenye kitafsiri. Mistari mitano kwa neno moja. Kichafu kama zamani. Lakini ukurasa unafunguka.

Nimeweka tangazo. Lori linalofuata linaondoka Kalemie Alhamisi, nyuma ya kituo cha treni. Nimeondoa pia sheria yangu. Nimemtumia kila dereva ujumbe: tangazeni kwa mdomo pia, sokoni, bandarini, kanisani, msikitini.

Jumanne, 25 Februari

Ujumbe umeanza kuingia alfajiri. Hauishi. Umeandikwa kwa vitufe, bila nukta, bila herufi kubwa. Niko kalemie na batoto tatu. Natafuta kaka yangu wa ruashi mwenye duka ya misumari. Niko kalemie. Niko kalemie. Niko kalemie.

Siku zote nilikuwa nasahihisha kabla ya kuonyesha. Leo nimeacha yote kama yalivyo.

Masika hayumo.

Nilimwambia Kambale tufungue turubai. Hoja yangu ya Alhamisi haina msingi tena, na matanga yaliwekwa juu ya hoja hiyo. Nilimwambia kwa nini. Nilimwambia yote, kuhusu kitafsiri na simu. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko wa supu. Alisema, “Yaya, ni mambo ya kompyuta, siyajui.” Kisha akaonyesha watu wa lori, waliolala kwenye viti viwili viwili. “Na hawa? Mvua ikinyesha batalala wapi?”

Turubai limebaki. Picha nayo imebaki mezani. Kuiondoa ni kusema wako hai. Kuiacha ni kusema wamekufa. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Mimi pia.

Sina tumaini. Nina ukurasa unaofunguka.

Ijumaa, 28 Februari

Lori limeondoka Kalemie jana, limejaa mpaka juu. Dereva hakuchukua majina. Mimi ndiye niliyemwambia awahi, asipoteze muda.

Jumanne, 4 Machi

Lori liko Mitwaba. Tope. Trekta limeombwa.

Mwana wa mwenye hoteli ameandika tena. Ile boti ilifika. Ilikuwa imeharibika injini tu. Anaomba radhi.

Jumamosi, 8 Machi

Masika amefika.

Alishuka wa mwisho, kwa nyuma, akishika ubao wenye anwani. Amekonda. Kitenge si chake. Nilitazama nyuma yake nione Paluku akishuka. Dereva akafunga ubao.

Wanawake waliinuka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuna aliyejua apige au asipige. Masika alilitazama turubai, viti, watu waliokaa. Akaiona picha mezani. Akaenda akasimama mbele yake. Nilifungua mdomo nimweleze. Nilikuwa na sentensi tayari.

Akageuka akasema, “Mulijua je?”

Akakaa kwenye mkeka, mahali pa mjane, akafunika kichwa. Kisha akasimulia, bila kulia. Sindano zilikwisha Uvira. Paluku alikufa Kalemie, Jumapili ya tarehe 23, sokoni, asubuhi. Walimzika siku ileile, watu asiowajua walichanga sanda. Yeye hakuwa na namba ya mtu yeyote, zote zilibaki kwenye simu iliyochukuliwa. Njia nzima, tangu Kalemie, alikuwa akijiuliza atatuambiaje. Alisema amefika na kukuta tumekwisha jua, tumekwisha kuweka turubai, tumekwisha kumlilia mume wake kwa heshima, na picha. Alisema hajui nani alituletea habari, lakini Mungu ambariki mtu huyo.

Kambale alinitazama. Wanawake wote walinitazama. Ni mimi ninayesahihisha katika nyumba hii.

Nilisema, “Karibu, Masika.”

Mke wa binamu yetu akaanzisha wimbo. Ule ule wa wiki mbili zilizopita. Mahali pa majina mawili wakaimba moja. Hakuna aliyekosea.

Baadaye alikula kidogo. Aline alikaa naye. Masika alitoa simu yake ya kubonyeza, akamwonyesha. Alisema walifika Kalemie tarehe 12. Kesho yake waliona lori la Kakule likipita na anwani nyuma. Alifungua ukurasa hapo hapo, barabarani, Paluku akiwa ameegemea ukuta. Ukakataa. Akajaribu kila siku, akiulaumu mtandao. “Rezo ya Kalemie ni mbaya sana. Iliamka siku mbili baada ya maziko yake. Njo nikapata lori.”

Aline aliacha kutafuna. Alitazama sahani.

Nilimwongezea Masika chai.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Masika amelala kwenye chumba changu, kifudifudi, kama alivyolala utotoni. Mgodi haupasui Jumapili. Kumetulia.

Nimepiga hesabu. Kama wangepanda lori la Kakule, wangefika hapa tarehe 23. Hospitali ya hapa iko karibu na soko. Au Paluku angefia Mitwaba, kwenye shimo. Sijui. Hakuna njia ya kujua.

Kuna makosa mawili sasa katika nyumba hii. Anaamini turubai lilikuwa la Paluku. Anaamini ulikuwa mtandao. La kwanza nimeliacha kwa ajili yake. Amekwisha kulikalia, amelala juu yake, na likiondolewa sijui kitakachobaki. La pili sijui nimeliacha kwa ajili ya nani.

Aline amepita baada ya ibada. Aliuliza kama afute kwenye seva yale mafaili yangu ya Januari, yale safi. Nilimwambia ayaache. Yasitumiwe, lakini yaache.

Viti vinarudi Karavia kesho. Turubai linabaki, mpaka mama wa mwisho apate pa kulala.

Mchana nilitoka uani. Nilichukua picha mezani, nikaifuta vumbi kwa ukingo wa kitenge, kioo kizima, yeye na mumewe. Nikairudisha mahali pake.